Boti tunanunua, nani atazipanda?

Kila baada ya ajali kubwa ya majini nchini kwetu, mambo hufuatana kwa mpangilio uleule: rambirambi, tume, kisha ahadi ya boti. Na boti huja kweli. Hupokelewa kwa ngoma, utepe hukatwa, mgeni rasmi huvalishwa jaketi la rangi ya chungwa na kupigwa picha akiwa amesimama omoni. Jambo ambalo hotuba huliruka ni nani atakayeipanda boti hiyo saa nane za usiku upepo ukivuma, na mtu huyo ameshafanya zoezi la usiku mara ngapi.

Nasema hivi nikiwa na Bukoba akilini. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam iliangukia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja iliokuwa ikitua, ikiwa na watu 43. Walionusurika ni 24. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, aliwasimulia waandishi wa habari akiwa kitandani hospitalini: waliuvunja mlango wa nyuma kwa kasia, abiria wakaanza kutoka. Yeye akapiga mbizi, akazunguka hadi upande wa marubani, akamwona mmoja akimwashiria avunje kioo. Akaomba kifaa, akapewa shoka, kisha mtu mwenye kipaza sauti akamzuia asilitumie. Baadaye akafunga kamba kwenye mlango wa dharura wa marubani, boti zikavuta. Kamba ikakatika, ikampiga usoni, akapoteza fahamu. Marubani wote wawili walifariki.

Ukiyasoma maelezo hayo taratibu utaukuta ndani yake mtaala mzima wa uokoaji, kila somo likiwa limegharimiwa kwa damu. Kamba iliyokazwa na injini hujaa nguvu, na ikikatika nguvu hiyo yote hurudi kwa aliyesimama kwenye mstari wake. Ndiyo maana katika mafunzo ya boti mtu hufundishwa kukaa kando ya kamba inayovutwa, si nyuma yake wala mbele yake. Pili, eneo la ajali linahitaji kiongozi mmoja anayejulikana, ili mwenye shoka ajue amri ya nani inafuatwa. Tatu ni zana, maana kasia si nyundo. Kijana yule hakupungukiwa moyo. Alipungukiwa mwenzake aliyefunzwa wa kumwambia, "Toka kwenye mstari wa kamba."

Serikali ilimpa zawadi na kumwajiri katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Alistahili, na sina neno juu ya hilo. Neno langu ni juu ya mantiki yake. Mvuvi mmoja alitolewa ziwani akapelekwa jeshini, na wale wengine waliokuwa naye kwenye mitumbwi wakarudi mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, na kasia zao. Likitokea janga jingine, wao ndio watakaofika mwanzo tena, na watafika na ujuzi uleule wa mwaka 2022. Tuzo ilimfuata shujaa. Kilichotakiwa kufuata ni mafunzo kwa mwalo mzima.

Wala Bukoba haikuwa mara ya kwanza. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imekaribia gati ya kisiwa cha Ukara. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220, na walionusurika walikuwa 41. Hapo pia mitumbwi ya wavuvi ndiyo iliyotangulia. Siku mbili baadaye fundi wa kivuko alitolewa akiwa hai, baada ya kukaa kwenye sehemu iliyokuwa bado na hewa ndani ya chombo kilicholala kifudifudi. Wakazi wa Mwanza wa umri fulani walipoisikia habari ile walikumbuka Mei 1996. MV Bukoba nayo ilipinduka, ikabaki ikielea chini juu, na watu waliokuwa ndani wakasikika wakigonga. Bati likatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka kwa tundu lile, na meli ikashuka nao. Waliotoboa walikuwa na nia njema kabisa. Hewa iliyomweka hai fundi wa MV Nyerere ndiyo hewa iliyoachiwa miaka 22 kabla, na huwezi kumtarajia mtu alijue hilo kwa kuwa jasiri tu. Hufundishwa.

Basi mwokoaji wa boti ndogo hufundishwa nini hasa? Wengi tunadhani ni kuogelea na kuendesha. Kuogelea ni sharti la mlangoni tu, na kuendesha injini ya kupachika mvuvi wa Ukerewe anakujua kuliko mkufunzi. Kazi yenyewe imo katika mambo madogo yanayoonekana ya kipuuzi mpaka siku yanapokosekana.

Chukua kumpandisha mtu botini. Mshika usukani anaielekeza omo kwenye upepo, anapunguza mwendo, na anapomkaribia mtu anatoa gia ili propela isizunguke. Mtu aliye majini anapokelewa ubavuni, kamwe si tezini kwenye injini. Wawili wanamgeuza mgongo uelekee boti, wanamshika chini ya makwapa, wanamzamisha kidogo, na maji yanapomsukuma juu wanavuta kwa pamoja. Wakijaribu kumnyanyua mkavu mkavu, mtu mzima mwenye nguo zilizolowa atawashinda. Mshika usukani wakati wote ana kamba ya kuzimia injini iliyofungwa mguuni. Akitupwa nje na wimbi, kamba inachomoka na injini inazima. Wasiojifunga kamba hiyo hujikuta majini huku boti ikizunguka yenyewe kwa kasi na kuwarudia.

Tena kuna aliyekaa majini saa nyingi. Huyu hatakiwi kutolewa akiwa wima, kama inawezekana. Maji yalikuwa yakiubana mwili wake pande zote. Akinyanyuliwa ghafla mbano ule unaondoka, damu inashukia miguuni, msukumo wake unaporomoka, na moyo unaweza kusimama akiwa tayari mikononi mwa waokoaji. Hulazwa, akaingizwa botini akiwa amelala. Nimewahi kusikia mara nyingi watu mialoni wakisema fulani "alikata roho baada ya kuokolewa, siku yake ilikuwa imefika." Inawezekana. Inawezekana pia alisimamishwa.

Na aliyekwisha kunywa maji? Kwetu humpindua kichwa chini, au humkandamiza tumbo ili maji yatoke. Ni desturi ya miaka mingi na ni kosa. Kumkandamiza tumbo huleta matapishi ambayo huingia kwenye njia ya hewa, na sekunde zinazopotea ni zile ambazo ubongo ulikuwa ukizidai. Mtu aliyezama amekosa hewa, basi hewa ndiyo apewe kwanza: miongozo ya Ulaya inataka pumzi tano za mdomo kwa mdomo kabla ya kuanza kukandamiza kifua. Hilo moja tu, likifundishwa kila mwalo wa ziwa letu, lingefaa kuliko boti kadhaa mpya. Na halihitaji hata lita moja ya petroli.

Kuna pia kutafuta. Mtumbwi wa dagaa umepinduka, aliyeona anasema "ni pale pale, usawa wa jiwe lile." Kikosi kisichofunzwa huenda pale, kikazunguka ovyo kikiita majina, kikachoka. Kilichofunzwa huanza pale, kikazingatia upepo na mkondo, kisha hupiga msako wa mraba unaopanuka: mwendo mmoja mbele, kata kulia, mwendo mmoja tena, kata kulia, miwili, kata kulia, miwili, kisha mitatu mitatu. Inahitaji dira, saa ya mkononi na mtu wa kuhesabu kwa sauti. Ni hesabu ya darasa la tatu, lakini jaribu kuifanya usiku huku wimbi likikurusha na ndugu wa aliyepotea akiwa botini anakupigia kelele ugeuze huku na kule. Ndipo utajua kwa nini zoezi linarudiwa hadi lichoshe.

Sasa tuje kwenye vyeti, maana ndiko tunakopotelea. Kipo cheti cha kimataifa cha ustadi wa vyombo vya kujiokolea na boti za uokoaji, chini ya mkataba wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978 unaojulikana kwa kifupi STCW. Anayekitaka awe ametimiza miaka 18, na awe amefanya kazi melini kwa miezi 12, au amepita kozi iliyoidhinishwa na kufanya kazi melini kwa miezi 6. Kila baada ya miaka 5 lazima athibitishe tena kuwa bado anaweza. Vyuo vya ukanda huu vinaufundisha ustadi huo, Chuo cha Bahari Dar es Salaam kikiwemo, na kwa baharia anayetafuta ajira kwenye meli za nje ni karatasi ya lazima.

Tatizo ni kwamba cheti hicho kilishonwa kwa mwili mwingine. Kinamwandaa mtu wa melini: namna ya kuiacha meli inayozama, kushusha boti kwa winchi kutoka juu, kufungua kulabu, kukaa na abiria wako hadi msaada ufike. Mkaa mwaloni hana winchi wala kulabu. Yeye ndiye huo msaada unaosubiriwa. Hana hata miezi sita ya melini, ingawa ana miaka ishirini ya mtumbwini ambayo fomu haina pa kuiandika. Vitabu navyo ni vya Kiingereza, jambo la maana kwa mtu atakayefanya kazi na nahodha Mgiriki na mpishi Mfilipino, lisilo na maana yoyote kwa mvuvi wa Ukara ambaye atawaokoa Wakara, Wakerewe na Wajita kwa Kiswahili. Tukisema "waokoaji wetu lazima wawe na cheti cha kimataifa" tunaonekana tuna viwango vya juu. Kwa kweli tumewafungia mlango watu pekee wanaoishi karibu na ajali.

Waingereza hawaendeshi uokoaji wa pwani zao kwa mtindo huo. Kwao boti za uokoaji ni za taasisi ya hisani, RNLI, iliyoanzishwa mwaka 1824, na wanaozipanda karibu wote ni watu wa kujitolea: mwalimu, fundi bomba, muuza samaki. Wengi wanaojiunga siku hizi hawajawahi kufanya kazi ya bahari. Kigezo kikubwa ni makazi. Unaishi au unafanya kazi umbali gani kutoka kituoni? Kengele ikilia, utafika kwa dakika ngapi?

Boti yao ndogo, daraja D, ilianza kazi mwaka 1963. Ni ya mpira, urefu kama mita 5, injini moja ya nguvu farasi 50, watu watatu au wanne. Ikipinduka, wanaigeuza wenyewe kwa mikono na injini inawashwa tena. Anayejiunga hukaa muda wa majaribio, na sehemu kubwa ya mafunzo huyapata palepale kituoni kwake, kwenye maji atakayofanyia kazi, chini ya watu wa kijiji chake. Kila ustadi husainiwa peke yake baada ya kuonekana ukifanywa: fundo hili, redio, kumpandisha mtu, kushika usukani usiku. Ndani ya kipindi hicho huitwa Poole, kusini mwa Uingereza, kwenye chuo chao. Huko kuna bwawa lenye mashine ya kutengeneza mawimbi. Taa huzimwa, boti hupinduliwa nao wakiwa chini yake, nao hutoka gizani, huhesabiana kwa majina, kisha huigeuza. Akirudi nyumbani mazoezi huendelea karibu kila wiki, miaka nenda miaka rudi. Hakuna siku anayoambiwa amemaliza.

Jambo jingine kwao linanivutia kuliko bwawa lile. Walinzi wa pwani huomba boti itoke, lakini uamuzi wa kuitoa ni wa kituo chenyewe, kupitia mtu aliyepewa mamlaka hayo ambaye mwenyewe hapandi botini. Maana yake kuna mtu, akiwa na miguu mikavu na kichwa kilichotulia, anayeruhusiwa kusema hapana. Kwetu anayekataa kutoka katika hali mbaya huitwa mwoga, na anayetoka akafa huitwa shahidi. Mafunzo yanayostahili jina hilo yangempa kiongozi wa boti haki ya kukataa, na yangemlinda asitukanwe kesho yake.

Najua jibu litakalokuja: huko ni Ulaya. Na ni kweli kwa sehemu. Taasisi ile inaishi kwa michango, na fungu kubwa hutoka kwenye wosia wa watu waliokufa wakaiachia mali. Muuza samaki wa kule akiacha duka kwa saa mbili halali njaa. Mvuvi wa dagaa kwetu ana usiku wa giza wa kuvua na usiku wa mbalamwezi wa kukaa. Ukimchukua usiku wa giza kwa zoezi umemchukulia chakula cha watoto. Kwa hiyo kujitolea kwa mtindo wa Kiingereza hakutasimama hapa, na wanaokuja na miradi ya namna hiyo hugundua baada ya mwaka mmoja kwamba waliohudhuria walikuwa wakihudhuria posho.

Lakini mbalamwezi ipo kila mwezi. Mazoezi yapangwe siku ambazo mitumbwi iko nchi kavu, yalipwe kiwango cha kibarua cha siku, na mafuta ya boti ya uokoaji yafungiwe kufuli yasiguswe kwa safari ya kiongozi yeyote. Muundo wa kuyasimamia upo tayari: vikundi vya BMU, yaani vya wavuvi vya kusimamia mialo, vipo, vina viongozi, vina orodha ya vyombo na wenyewe. Usukumani watu hawa hawa waliunda sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 bila chuo wala mfadhili, kwa yowe na kila mtu kujua anasimama wapi yowe likipigwa. (Sungusungu ilikuwa na madhambi yake, nayajua. Nazungumzia namna ya kukusanyika tu.)

Cheti chao kiwe cha kwetu. TASAC, shirika la serikali la uwakala wa meli, ina mamlaka ya usalama wa vyombo majini, Zimamoto wana wakufunzi, Polisi Wanamaji wana boti, na ng'ambo ya pili KMKM, kikosi cha kuzuia magendo cha Zanzibar, ina uzoefu wa uokoaji ambao Bara tumeuazima mara chache mno. Wakae wakubaliane ukurasa mmoja wa Kiswahili: stadi kumi na mbili, au kumi na tano, kila moja na nafasi ya sahihi na tarehe. Sahihi ife yenyewe baada ya mwaka kama haikurudiwa. Mkaguzi atakayefika Ukara asiulize "cheti kiko wapi?" Aseme "nionyesheni," atupe boya majini, na ashike saa.

Tena si kila mtu apande boti. Boti moja ya watu wanne inahitaji wengine wengi nchi kavu: wa kupokea simu na kuandika saa, wa kuwasha taa ya kuwaongoza warudi, wa kupokea majeruhi, wa kuita gari, wa kuwazuia ndugu wasijazane kwenye mitumbwi na kuwa ajali ya pili. Wanawake wanaoanika na kuchakata dagaa wako mwaloni saa zote ambazo wanaume wako ziwani. Wao ndio wa kwanza kujua mtumbwi gani haujarudi. Kwenye mipango ya uokoaji niliyobahatika kuisoma wanatajwa kama wajane watarajiwa. Wafunzwe pumzi tano, wafunzwe redio, walipwe sawa na wa botini, na wanaotaka kupanda wapande.

Linabaki lile ambalo kila mvuvi huuliza mapema, na maofisa hulijibu kwa kukohoa: nikifa huko? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umejengwa kwa ajili ya mtu mwenye mwajiri, na mvuvi aliyeitwa na yowe hana mwajiri usiku ule. Ingekuwa rahisi kumwandikisha kikosini kwa jina, tarehe na saa boti ilipotoka, na sheria ikamhesabu kuwa mtumishi wa umma tangu injini inapowaka hadi boti inapovutwa mchangani. Hilo halingoji mkopo wala mfadhili. Linangoja kifungu kimoja cha kanuni, na waziri wa kukitia sahihi kabla hajaalikwa kukata utepe wa boti inayofuata.